Bastola Chini ya Sombe

Wakati mdogo wangu Bahati alipomwambia polisi wa North Carolina, kwa heshima zote na mikono yote miwili juu ya usukani, kwamba ana bastola ndani ya kisanduku kilicho kati ya viti vya mbele, bastola haikuwemo. Ilikuwa kiti cha nyuma, ndani ya sanduku la barafu, chini ya sombe ya harusi, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Mtu pekee aliyejua hilo alikuwa mama yake mzazi, ambaye wakati huo alikuwa akitazama milima kana kwamba ameajiriwa kuihesabu.

Wengi mmeniuliza kilichotokea Amerika: kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye tramu, hata kwenye foleni ya mkate. Kila mmoja amesikia nusu yake, na nusu hizo hazifanani. Mmoja wa sauti ya pili aliniambia amesikia kwamba Maman Faida alimpiga polisi risasi. Hakumpiga mtu. Ndiyo maana naandika, tena kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Habari za viza, tiketi na foleni ya ubalozi naziacha. Mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha yeyote.

Kwa wasiowajua: Maman Faida ni mdogo wake mama yangu, na Bahati ni mwanawe. Tulitoka Bukavu pamoja na tukaishi pamoja kambini Kigoma. Kutoka huko mimi nilikuja Ubelgiji, hapa Schaerbeek mjini Brussels, kumfuata mume wangu, wao wakapelekwa Amerika, mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Solange, binti wa mwisho wa Maman Faida, alikuwa anaolewa Greensboro, North Carolina, na kwetu binti hatoki bila mama yake kumkabidhi kwa mkono wake. Hiyo ndiyo safari yenyewe: kumfikisha mama wa bibi harusi, pamoja na sombe yake, kabla ya Jumamosi asubuhi.

Schaerbeek hadi uwanja wa ndege

Kazi yangu mnaijua. Polisi wa Brussels wakimshika mtu wa kwetu asiyejua Kifaransa wala Kiholanzi, napigiwa simu niende kutafsiri. Kanuni ya kazi ni moja: kila linalosemwa linatafsiriwa, halipunguzwi wala haliongezwi. Mtu akitukana, namtukania kwa Kifaransa safi.

Muda mfupi kabla ya safari niliitwa kwa ajili ya papa mmoja, mzee wa Lubumbashi. Alikamatwa ndani ya basi akitoka kwenye kibustani chake huko Berchem-Sainte-Agathe. Upande mmoja wa mfuko wake kulikuwa na lengalenga, mchicha wa kwetu, upande wa pili panga la kupalilia, na mpini ulikuwa unachungulia. Polisi aliuliza kwa nini anatembea na silaha mjini.

“Silaha?” papa akaniambia. “Bon, muulize na hii lengalenga ni nini. Ni grenade?”

Nikatafsiri. Hakuna aliyecheka, na mahojiano yaliyokuwa yanakaribia kuisha yakaanza upya.

Ndivyo tulivyo hapa. Hata kile kichupa cha kupulizia watu pilipili machoni ni marufuku. Wenye bunduki ni wanajeshi waliowekwa vituoni na kwenye metro, na hao hawana haja ya kumwambia mtu kwamba wana silaha, maana ni ndefu kuliko mwanafunzi wa darasa la kwanza. Uwanja wa ndege nilimpita mmoja wao nikiwa na begi la sambaza wakavu niliowanunua Matonge, mtaa wa Waafrika. Alinusa, akarudi hatua moja nyuma. Nikaichukulia hiyo kama baraka ya safari.

Afisa wa forodha upande wa Amerika hakurudi nyuma. Alimwinua sambaza mmoja kwa mkia, akamtazama machoni.

“Hawa ni nini?”

“Samaki.”

“Wote hawa?”

“Ni wadogo, bwana.”

Akaenda kumwita mwenzake. Mwenzake akaenda kuleta kitabu. Kitabu kilikubali sambaza, lakini kilikubali polepole, na ndege yangu ya Dayton ilikuwa imeshaondoka. Niliingojea nyingine kwa saa tano, nikila kitu kilichoandikwa saladi ambacho ndani yake kulikuwa na nyama, jibini, mkate na, kwa kutafuta sana, jani.

Dayton, ambako lazima useme

Bahati alinipokea kwa kunikumbatia, na kitu kigumu kikanichoma ubavuni.

“Ni nini hicho kiunoni? Ulifanyiwa operesheni?”

“Ni bastola, yaya.”

Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyoniita; na alisema kama mtu anayesema ni funguo. Nyumbani kwake alinionyesha ukuta wa sebule. Kulikuwa na cheti cha ubatizo, cheti cha uraia na cheti cha darasa la bastola, vyote vitatu kwenye fremu za aina moja, na cha bastola kilikuwa katikati. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni tukikimbia bunduki Bukavu, tukazikimbia tena Uvira. Siku alipokuwa raia wa Amerika, kitu cha kwanza alichojinunulia kilikuwa bunduki.

“Juu ya nini, Bahati?”

“Yaya, huku kila mutu iko nayo.”

“Na wao juu ya nini?”

“Juu kila mutu iko nayo.”

Mezani, kwenye bugali, alitufundisha sheria. Yeye ana kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Kibali kinakubalika katika majimbo yote manne tutakayopita, ila adabu ya kila jimbo ni tofauti. Ohio inataka hivi: polisi akikusimamisha, unamwambia mara moja kwamba una silaha, kabla hajauliza, na mikono aione. Kentucky huna wajibu wa kusema. Tennessee unangoja uulizwe. North Carolina unarudi kusema. Alikuwa amechapisha karatasi yenye maneno matatu, SEMA, NYAMAZA, NGOJA, akaibandika kwenye kile kibao cha kukinga jua juu ya dereva, na kibanio cha nguo cha kuhamisha kutoka neno hadi neno. Mtoto ana mpangilio. Hilo amelitoa kwetu.

Maman Faida aliosha mikono, akafuta kidole kimoja kimoja.

“Donc, unafika ku barrière, unamuambia mwenye bunduki kama na weye uko na bunduki.”

“Si barrière, maman. Ni polisi wa barabara.”

“Na anakuacha?”

“Anasema asante.”

Maman Faida alinitazama mimi, si yeye. Mnajua wenyewe barrière za kwetu: kamba, mapipa mawili ya mafuta, na kijana mwenye macho mekundu. Unashuka garini. Unamsalimia kwanza, mukubwa, habari ya watoto. Unakuwa na kitu mkononi, hata ndizi. Ulicho nacho garini hukitaji kamwe. Na mtu anayesema ana bunduki, pale hamalizi sentensi. Maman Faida alipoteza kaka wawili kwenye barrière mbili, na hajawahi kutueleza ni nini walichosema.

“Ile sheria ni mutego,” alisema, akaenda kufunga sombe.

Kentucky, ambako unyamaze

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Bahati alikuwa usukanini na mimi kando yake. Maman Faida alikaa nyuma, na sanduku la barafu, ambalo yeye huliita glacière, likiwa miguuni pake. Bastola ilimbana Bahati tumboni akikaa, kwa hiyo aliiweka ndani ya kisanduku cha kati ya viti, pamoja na waya za simu na leso za karatasi.

Mpaka wa Ohio na Kentucky ni mto. Katikati ya daraja Bahati aliinua mkono na kuhamisha kibanio kutoka SEMA hadi NYAMAZA.

“Gari ni ile ile?” Maman Faida aliuliza.

“Ndiyo, maman.”

“Bunduki ni ile ile?”

“Ndiyo.”

“Na weye ni ule ule?”

“Maman, jamani.”

“Alors nini ilibadirika?”

Bahati alifikiri kwa haki kabisa. “Mto,” alisema.

Sisi wa Brussels tusicheke sana. Tuna komini kumi na tisa, kila moja na meya wake, na kanda sita za polisi katika mji unaoweza kuumaliza kwa tramu moja ukiwa na kitabu chepesi. Lakini kwetu ukivuka kutoka Schaerbeek kwenda kwa jirani, kinachobadilika ni siku ya kutoa takataka. Ukikosea, unapata barua kali kwa lugha mbili.

Nyuma, Maman Faida alikuwa amefungua kijitabu cha mtihani wa uraia. Mahojiano yake yalikuwa yanakaribia, na alikuwa akijisomea maswali kwa sauti, Kiingereza chake kikitoka neno moja moja kama meno yanayong’olewa. Bendera ina nyota ngapi?

“Cinquante,” alijijibu, hamsini kwa Kifaransa. Kisha: “Bahati, juu ya nini cinquante?”

“Juu ya majimbo, maman. Kila jimbo na nyota yake.”

“Na kila nyota iko na sheria yake ya kusema na ya kunyamaza?”

“Karibu hivyo.”

“Cinquante, donc,” alisema, akafunga kijitabu.

Tulisimama kula karibu na Lexington. Mlangoni kulikuwa na picha ya bastola iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kwa hiyo ile yetu ilibaki garini. Waliniletea mkate laini uliomwagiwa uji mweupe wenye pilipili manga na vipande vya soseji. Kwa macho ni maafa, kwa ulimi ni kitu unachoomba tena. Mzee mmoja wa Kizungu kwenye meza ya pili alisikia lugha yetu akauliza inatoka wapi. Nilimwambia Kongo, ila mimi mwenyewe naishi Brussels. Alisema hajafika, lakini shemeji yake alifika Paris na hakupenda. Bahati, ambaye siku hizo alikuwa hawezi kuzungumza kitu kingine, akamuuliza kama huwa anawaambia polisi anapobeba silaha.

“Sijawahi, maisha yangu yote,” alisema mzee. “Polisi wa huku hana haja ya kuambiwa. Anajua.”

“Anajuaje?” niliuliza.

“Ni mpwa wangu.”

Tennessee, ambako ungoje kuulizwa

Kibanio kilihamia NGOJA, na sisi tukangoja kweli. Kabla ya Knoxville lori lilikuwa limeangusha mzigo wake wa vyoo vipya vya kauri barabara nzima, na kwa saa mbili na nusu hatukusogea. Watu walitoka magarini. Mwanamke wa gari la mbele alitugawia tikiti maji. Mume wake alikuwa na bastola kiunoni, nje ya shati, peupe, na alikuwa akikata tikiti kwa kisu cha plastiki kwa sababu, alisema, kisu cha kweli ni hatari karibu na watoto.

Jua lilipanda, barafu ikaanza kuyeyuka, na Maman Faida akaanza kuuliza saa kila dakika tano.

“Tukichelewa, nani atamupeleka Solange? Baba yake hayuko. Mimi njo baba, mimi njo mama.”

“Tutafika, maman. Nitakimbia kidogo mbele.”

“Na mbele ni wapi?”

“North Carolina. Milima.”

“Kule ni nini? Kusema ao kunyamaza?”

“Kule ni kusema. Na ni wakali, kwenye mteremko wanajificha.”

Alifumba macho. Mimi nilidhani anaomba. Baadaye akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei asiyokusudia kulipa: “Na wakiniuliza mimi?”

“Weye huna kitu, maman. Huna cha kusema.”

Kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya milima kinauza karanga za kuchemsha ndani ya ndoo. Nilishuka kuzionja, zina ladha ya maharage yaliyokosea njia. Bahati alikwenda chooni. Maman Faida alisema miguu inamuuma, atabaki. Tuliporudi, alikuwa ameinua glacière kutoka miguuni, ameiweka kitini kando yake na kuifunga mkanda wa usalama.

“Sombe inamwangika,” alisema.

Nilimsifu kwa uangalifu wake.

Milimani, ambako lazima useme tena

Bahati alihamisha kibanio kurudi SEMA, kisha akakimbia kidogo, kama alivyoahidi. Taa za buluu zilitokea nyuma yetu kwenye mteremko wa pili.

Alifanya kila kitu kama cheti chake kinavyosema. Alisimama pembeni, akazima gari, akashusha kioo, akaweka mikono juu ya usukani. Nyuma nikasikia mlango unafunguliwa.

“Maman, kaa!” tulipiga kelele wote wawili.

“Hatumusalimie mukubwa? Muliisha kuwa wazungu?”

“Kaa, maman, funga!”

Alifunga, ila kwa kuudhika. Polisi alikuja upande wangu, mtu wa makamo, kofia pana, masharubu yaliyotunzwa kuliko gari letu. Kabla hajafungua mdomo Bahati alitoa sentensi yake, ile aliyoikariri mbele ya kioo cha bafuni: kwamba ana kibali, kwamba ana bastola, kwamba iko ndani ya kisanduku hiki, na kwamba anangoja maelekezo.

“Asante kwa kuniambia,” alisema polisi. Bahati alinitazama kwa pembe ya jicho: umeona? “Usiiguse. Shuka polepole, weka mikono juu ya paa. Wewe, mama wa mbele, mikono yako juu ya dashibodi.”

Tukafanya hivyo. Polisi akafungua kisanduku. Akatoa leso za karatasi, waya za simu, pakiti ya karanga. Akatazama chini. Akagonga sehemu ya chini kwa kidole.

“Hamna kitu humu.”

“Imo, bwana,” alisema Bahati, mikono juu ya paa.

“Bwana, nasema haimo. Bastola iko wapi?”

Polisi alirudi hatua mbili nyuma na mkono wake wa kulia ukashuka kiunoni. Aliongea na redio yake kwa sauti ya chini. Vidole vya Bahati vilikuwa vimetanuka juu ya paa. Alikuwa amefanya kama sheria inavyotaka, na sheria ilikuwa imemfanya kuwa mtu mwenye bastola isiyoonekana.

“Nani mwingine anajua?” Polisi akamtazama Maman Faida. Maman Faida akatabasamu, lile tabasamu la barrière, meno yote, macho hakuna.

Nilisema hajui Kiingereza cha kutosha, na kwamba mimi ni mkalimani.

“Muulize.”

“Maman mudogo, anauliza bastola iko wapi.”

Hakugeuza kichwa. “Iko mu glacière, chini ya sombe. Nilifunga na sachet mbili. Usimuambie.”

“Amesema nini?”

Niwaeleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo mnapogawanyika juu yangu. Nikisema hajui, Bahati anabaki pale na mikono juu ya paa, mwongo mwenye silaha, na gari la pili la polisi liko njiani. Nikisema kweli, Maman Faida asiye na kibali chochote duniani anakuwa ameficha bastola yenye risasi, wiki chache kabla ya mahojiano ya uraia. Mkono wa polisi ulikuwa pale pale. Sikuamua. Mdomo wangu ulifanya kazi yake kama unavyofanya kila siku ya kazi.

“Anasema iko ndani ya sanduku la barafu, chini ya chakula, ndani ya mifuko miwili ya plastiki,” nilisema. “Na anasema nisikwambie.”

Polisi alinigeukia.

“Hilo la mwisho ulilazimika kulisema?”

“Ndiyo kazi yangu.”

Alimshusha Maman Faida, akavaa glovu, akafungua mkanda wa usalama wa glacière. Alitoa bakuli la kwanza, la pili, la tatu, akiyapanga juu ya boneti kama mtu anayeandaa meza. Bastola ilikuwa chini kabisa. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka. Alitoa risasi moja moja, na kila moja ilikuwa inang’aa mafuta ya mawese. Alinusa kidole cha glovu.

“Hiki ni nini?”

“Majani ya muhogo.”

“Muulize kwa nini alifanya hivi.”

Maman Faida alijibu akimtazama yeye, si mimi, na tabasamu lilikuwa limekwisha. “Muambie mutoto wangu ni mujinga. Anawaambia batu ba bunduki kama iko na bunduki. Mimi nilishazika batu ba barrière. Nilisema, aseme kama anapenda kusema, lakini basimukutie nayo.”

Nikatafsiri yote, hata mujinga.

“Mwambie,” alisema polisi, “kwamba hakuna jambo la hatari zaidi ambalo angeweza kumfanyia mwanawe.”

Nikatafsiri.

“Muambie: mukono yake iko wapi sasa?”

Nikatafsiri na hilo. Polisi akatazama chini. Mkono ulikuwa umerudi juu ya bastola yake. Aliutoa, akaonekana hajui auweke wapi, mwishowe akashika nao kofia.

Gari la pili lilifika, likaambiwa liondoke. Bahati alipewa adhabu ya mwendo kasi. Bastola iliwekwa tupu kwenye buti, risasi zake kwenye bahasha. Kisha polisi akaomba kadi ya ukaazi ya Maman Faida, akanakili jina lake lote na namba yake, polepole, kwenye karatasi yenye mistari mingi.

“Nitaandika nilichokiona,” alisema. “Kitakachofuata si mimi ninayeamua.”

Maman Faida alikuwa ameshachukua bakuli moja juu ya boneti. Alimnyooshea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, kama inavyopaswa. Polisi alitikisa kichwa: haruhusiwi kupokea. Maman Faida akalisukuma tena. Polisi akakataa tena, kwa upole, mkono kifuani. Akatutakia harusi njema na akaondoka.

Tuliendelea kuteremka milima.

“Alikataa chakula,” alisema Maman Faida.

“Ni sheria, maman,” alisema Bahati. “Ni polisi mwema.”

“Alikataa chakula, na aliandika jina. Mwenye kukamata chakula yako, maneno inaisha pale pale. Huyu hayaisha na mimi.”

Greensboro

Tulifika kwa wakati. Solange alitoka kwa mkono wa mama yake, amenyooka, na mama yake hakulia hadi gari la maharusi lilipopinda kona. Sombe ilikwisha kabla ya wali. Shangazi mmoja wa bwana harusi alitaka kujua imewekwa nini, ina kitu fulani ndani yake asichokijua. Bahati alikwenda kuangalia maegesho.

Mlangoni pa ukumbi kulikuwa na ile picha ya mstari mwekundu. Nilisimama pale kupokea wageni na nikahesabu wanaume sita, wote wa kwetu, wote wa suti, waliosoma tangazo, wakajipapasa, na kurudi kwenye magari yao kama watu waliosahau simu. Mmoja alikuwa mchungaji.

Schaerbeek tena

Nimerudi nyumbani, takataka zangu natoa siku inayotakiwa. Kutoka North Carolina haijaja barua yoyote. Mwanasheria ambaye Bahati alimpigia simu anasema huenda karatasi ile ilifungwa kwenye kabati na ikafia huko. Anasema pia huenda haikufa.

Jana Maman Faida alinipigia. Maswali ya bendera na ya marais ameshayamaliza, anayajibu kama kengele. Lililobaki ni moja, lile la kwenye fomu ambalo afisa anaweza kulirudia akiwa amemwapisha: umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwa ajili yake? Alipoijaza fomu hiyo kabla ya safari, jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa kweli. Bahati anamwambia anyamaze, hakukamatwa, hakuna kesi. Mama wa kanisani anayemfundisha Kiingereza anamwambia aseme yote, wanapenda ukweli. Mwanasheria anasema angoje, asiseme mpaka aulizwe.

“Weye njo ulisema ile siku,” aliniambia. “Mbele yangu, na nilikukataza. Sasa nakuuliza mimi mwenyewe. Niseme, ninyamaze, ao ningoje?”

Nilimwambia nitampigia. Mahojiano ni Alhamisi. Leo ni Jumanne, na bado sijampigia.